Mtoto aliyekataa chakula cha kambi

Katika kambi ya Bulengo, upande wa magharibi wa mji wa Goma, mama mmoja alizoea kulisha mtoto wake akiwa amefunga mlango wa kibanda. Si kwamba alikuwa na chakula kizuri cha kuficha. Alikuwa anaficha mtoto asiyekula. Mahali ambapo watu wanapanga mstari tangu alfajiri kwa ajili ya unga na maharagi, mtoto wa miaka 4 anayesukuma sahani na kulia ni haya kubwa kwa mzazi. Majirani walikuwa wanasikia kelele kupitia shitingi, na maneno yao hayakukosa. "Huyu mama anadekeza. Aache njaa imfundishe."

Njaa haikumfundisha. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi, hata wahudumu wa afya, walichukua miezi kulielewa. Jina la mama na la mtoto yanaachwa hapa, kwa sababu mtoto amekwisha kupewa majina mengi mabaya.

Familia hiyo ilitoka katika kijiji kimoja cha teritware ya Masisi, mwezi wa pili mwaka 2024, wakati mapigano yalipokaribia Sake. Mbele ya vita, kula kwa mtoto huyu hakukumsumbua mtu. Alikuwa anakula viazi ulaya vilivyochemshwa, maganda yametolewa, bila mchuzi, bila kitunguu. Na maziwa, yaliyochemshwa na kupozwa kabisa. Asubuhi viazi, jioni viazi. Masisi haikosi viazi wala maziwa, kwa hiyo nani angeona tatizo? Mama mkwe alikuwa anacheka, anasema mjukuu wake ni mtu wa Masisi kweli.

Mambo mengine yalikuwepo, lakini hakuna aliyeyaunganisha. Alichelewa kusema. Alipofikisha miaka mitatu maneno yake yalikuwa machache, na mara nyingi alirudia tu swali aliloulizwa badala ya kulijibu. Aliweza kukaa saa nzima akizungusha kifuniko cha bidoni. Pikipiki ikipita aliziba masikio na kujificha nyuma ya mama. Ukimwita jina hageuki, hata mama alidhani hasikii vizuri, ila akisikia chungu cha viazi kinafunguliwa anakuja mbio.

Kambini viazi vilikwisha siku moja. Msaada wa chakula ulikuwa unga wa mahindi, maharagi, mafuta na chumvi. Siku mbili za kwanza mtoto alikunywa maji tu. Siku ya tatu alikubali bugali, lakini bugali mweupe peke yake, kwenye sahani ya plastiki ya kijani ambayo mama aliibeba kutoka nyumbani. Punje moja ya maharagi ikigusa bugali, chakula kimekwisha. Bugali ukiungua kidogo chini ya chungu, chakula kimekwisha. Aliongeza kitu kimoja tu, biskuti za aina moja zilizouzwa kwenye kiduka karibu na bomba la maji. Zilipobadilishwa karatasi ya kuzifunga, alizikataa kwa wiki nzima, ingawa ndani zilikuwa zilezile.

Mama alijaribu akili ya kila mzazi. Alisaga sambaza zilizokauka zikawa unga laini, akazichanganya ndani ya bugali, akidhani mtoto hatajua. Alijua kwa harufu, kabla ya tonge kufika mdomoni. Siku nne baadaye alikuwa bado anakataa bugali wowote, hata ule usiokuwa na kitu. Mama anasema ndiyo siku nne mbaya kuliko zote za ukimbizi wake, kupita hata usiku wa kukimbia, maana alikuwa ameharibu kwa mkono wake chakula kimoja kilichobaki.

Kisha wakaja watu wa maombi. Katika kikundi kimoja cha sala mle kambini, mtumishi alisema mtoto anayemkimbia mama yake kwa macho na kukataa chakula cha mezani anakula usiku mahali pengine, na watu wote kwetu wanajua maana ya maneno hayo. Walipendekeza mtoto afungishwe siku tatu. Kumfungisha njaa mtoto ambaye hali! Mama alisema atafikiri, akatoka, hakurudi. Alipoteza marafiki pale, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anamkopesha makaa.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu katika Kivu mtoto aliyekonda ana maelezo yake tayari. Bwaki tunaijua tangu zamani. Bukavu kuna shirika linaloitwa Comité Anti-Bwaki tangu miaka ya 1960, na hospitali ya Lwiro imetunza watoto wa bwaki kwa vizazi. Kwa hiyo mtoto akivimba miguu au akibaki mifupa, watu husema chakula kimekosekana, au mama amezembea. Mara nyingi ni kweli kwamba chakula kimekosekana. Tena mtoto wa bwaki naye hupoteza hamu ya kula, hukasirika, hataki kuguswa. Tofauti iko katika historia. Mtoto wa bwaki, mbele ya ugonjwa, alikuwa anakula kile wengine wanakula, na akitibiwa hamu inarudi. Huyu wa Masisi hajawahi kula kile wengine wanakula, hata siku moja, hata siku ya sikukuu ambapo mbuzi alichinjwa. Swali hilo moja lingetosha kufungua njia, lakini kwenye mstari wa kupima watoto mia, nani ana dakika za kuuliza historia?

Wazazi wengi wa kambini wanajua ule utepe wa kupima mkono. Kijani ni milimita 125 na zaidi, njano ni kati ya 115 na 125, nyekundu ni chini ya 115. Mwezi wa sita mtoto alikuwa kwenye njano. Mwezi wa saba, nyekundu. Mama alipelekwa mahali pa lishe, na hapo mtoto akapewa pakiti ya Plumpy'Nut kwa ajili ya jaribio la hamu ya kula. Kanuni ni kwamba mtoto anakula mbele ya muuguzi. Akikula vizuri, anarudi nyumbani na pakiti za wiki. Akikataa, anahesabiwa kuwa hatarini, anapelekwa kulazwa hospitalini. Ni kanuni nzuri, imeokoa watoto wengi. Pakiti moja ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500, pamoja na vitamini na madini, na haihitaji maji wala moto.

Lakini mtu aangalie kitu chenyewe kwa macho ya mtoto huyu. Ni uji mzito wa karanga, rangi ya kahawia, unanata kwenye ulimi na juu ya kinywa, una harufu kali, unatoka ndani ya karatasi inayong'aa na kupiga kelele. Tena anayempa ni mtu asiyemjua, katikati ya watoto hamsini wanaolia. Alifunga meno. Muuguzi alipompaka kidogo kwenye mdomo alitapika, akajipiga kichwa kwenye benchi. Muuguzi aliandika kwamba hamu haipo. Akamuuliza mama kama nyumbani anauza pakiti. Mama hakuwa ameshika hata pakiti moja maishani mwake. Swali hilo linaumiza, ingawa ni kweli pakiti zinaonekana sokoni na wauguzi wamechoka kudanganywa.

Walipofika hospitalini, jambo jipya lilikuwa limeanza. Mtoto alikuwa hataki kutembea. Akisimamishwa analia, akiguswa magoti analia zaidi. Wengine walifikiri kupooza. Wengine walifikiri amepigwa. Malaria ilipimwa, haikuonekana. Walimpitishia mpira puani ili apate maziwa ya matibabu, na kilo zikaanza kurudi polepole.

Aliyegundua ni muuguzi wa zamu ya usiku, mwanamke wa makamo, ambaye mwenyewe ana mpwa asiyesema. Aliona mambo mawili. La kwanza, fizi za mtoto zilikuwa zimevimba na kutoa damu, na kwenye miguu kulikuwa na madoa madogo mekundu. La pili, usiku mmoja mama wa kitanda cha jirani alipewa wali mweupe bila kitu, na mtoto huyu, anayesemekana hana hamu, alinyoosha mkono akachukua kidogo na kula. Muuguzi aliketi kwenye kitanda.

"Mama, nyumbani alikuwa anakula nini?"

"Docta, viazi na maziwa. Tangu kuzaliwa viazi na maziwa."

"Na huku?"

"Bugali na biskuti."

"Tunda? Hata chungwa moja? Hata nyanya?"

"Hajawahi kutia tunda mdomoni, docta. Hata kule."

Asubuhi alimwambia daktari, na daktari alitaja kiseyeye. Ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule uliokuwa unaua mabaharia wa zamani kwenye safari ndefu. Fizi zinatoka damu, mishipa midogo inapasuka, mifupa na magoti yanauma mpaka mtu hawezi kusimama. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini hiyo. Akiba inakwisha ndani ya miezi michache. Na hapa ndipo hesabu ya vita inaonekana wazi. Kiazi ulaya, hata kikichemshwa, kina vitamini C kiasi cha kumlinda mtu anayekila kila siku. Unga wa mahindi hauna. Biskuti hazina. Kule Masisi chakula chake cha ajabu kilimtosha. Vita viliondoa kiazi, na mguu ukasimama.

Katika nchi tajiri madaktari wameandika mara nyingi juu ya watoto wa namna hii: mtoto anachechemea, anapigwa picha nyingi za mifupa, anashukiwa kansa, mwisho inaonekana ni kiseyeye, na mtoto ana usonji na anakula vitu viwili au vitatu tu. Kwa hiyo si jambo la umaskini peke yake. Nyumba inaweza kujaa chakula na mtoto akapata ugonjwa wa mabaharia.

Usonji, ambao madaktari wa kwetu huuita kwa Kifaransa otismi, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa nao. Daktari Leo Kanner, aliyekuwa Baltimore, Marekani, alipoandika mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza, aliona tayari kwamba wengi wao walikuwa na shida ya kula tangu utotoni. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2013 ulipata kwamba watoto wenye usonji wana matatizo ya kula mara tano kuliko wenzao.

Sababu si moja. Kwa mtoto wa namna hii harufu ya sombe inaweza kuwa kama moshi machoni. Kitu laini chenye vipande vigumu ndani yake ni mtego. Kitu kile kile kila siku ni usalama, na kinachobadilika ni hatari. Wengine hawasikii njaa vizuri, kama vile wengine hawasikii baridi, ndiyo maana ile shauri ya "aache njaa imfundishe" inaweza kuua. Wengine walipaliwa siku moja na hawakusahau. Na wapo wasioweza kutafuna vizuri, meno yao yanauma, au wana vidonda mdomoni, au minyoo, nao hawawezi kusema. Haya lazima yatazamwe kwanza na muuguzi, kabla ya kusema lolote la akili.

Kukataa chakula kwa kiasi cha kudhuru mwili, bila nia yoyote ya kutaka kukonda, sasa kuna jina la kidaktari. Wanauita kwa herufi ARFID. Uliingia katika kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani mwaka 2013, na katika orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Si kila mtoto mwenye ARFID ana usonji, na si kila mwenye usonji ana ARFID. Lakini wanakutana mara nyingi kiasi kwamba akionekana mmoja, inafaa kumtafuta wa pili. Kwa wasichana wakubwa kuna sura nyingine, ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Madaktari wa Ulaya wameona kwamba kati ya wasichana hao wamo wenye usonji ambao haukujulikana utotoni, kwa sababu walikuwa watulivu na hawakusumbua mtu. Na kuna watoto wanaokula kisicho chakula, udongo, makaa, nyuzi za blanketi. Hao nao wapo kambini, na mara nyingi damu yao imepungukiwa madini ya chuma.

Jina peke yake halilishi mtoto. Yule muuguzi wa usiku hakuwa na mtaalamu wa kumpelekea. Alianza na kile alichokuwa nacho. Alimwomba mama aende kuchukua sahani ya kijani kambini. Akapiga marufuku mtu yeyote kumshika mtoto kichwa au kumbana pua wakati wa chakula. Akatuma mtu sokoni kununua viazi vitatu, kwa pesa yake. Mtoto alipoviona, mama anasema, hakucheka wala hakulia. Alikula vyote vitatu, akaenda kulala. Vitamini C ilikuwa imekwisha kupitishwa kwa mpira, na siku chache baadaye alisimama mwenyewe, ameshika kitanda.

Kuhusu Plumpy'Nut, muuguzi hakuilazimisha. Aliweka tone dogo kama punje ya mtama kwenye kifuniko, mbali na sahani, akaliacha tu. Siku nyingi lilibaki pale. Baadaye mtoto alilizungusha na kidole. Baadaye akanusa. Hakula kamwe, tuseme ukweli, na programu ya lishe haina sanduku la kuandika "amenusa". Lakini alikubali maziwa ya matibabu katika kikombe chake yakiwa yamepoa, na mafuta kidogo yaliyoongezwa kwenye bugali mbele ya macho yake, anaona chupa, anaona kijiko. Mama aliuliza kwa nini asimwage tu akiwa amegeuka. Muuguzi akamkumbusha sambaza.

Kuna wauguzi watakaosoma haya na kusema hawana muda. Ni kweli. Muuguzi mmoja mbele ya watoto mia hawezi kuketi kitandani na kila mama. Lakini maswali matatu hayachukui hata dakika mbili: alikuwa anakula nini mbele ya kukimbia, kuna nini anachokula bila kulazimishwa, na je, anageuka akiitwa? Mtoto anayeshindwa jaribio la hamu lakini anamaliza sahani ya wali mweupe hana tatizo lile lile na mtoto aliyelegea kwa homa. Wote wawili wanastahili kulazwa wakiwa kwenye nyekundu. Hawastahili maelezo yale yale kwa mama siku ya kutoka.

Kwa upande wa akili, Goma ina kituo cha Tulizo Letu na Bukavu ina SOSAME, vyote vya Ndugu wa Upendo, Frères de la Charité. Watu wengi hawaendi kwa kuogopa neno "wazimu". Mama huyu alienda mara moja, akarudi na karatasi iliyoandikwa neno la Kifaransa ambalo alilikunja ndani ya kitenge. Alimwonyesha mume wake. Mume alisoma, akanyamaza, kisha akasema kwamba mdogo wake aliyekufa akiwa na miaka saba naye alikuwa anakula viazi tu.

Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya mji kubadilisha mikono, kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa na watu wakaambiwa warudi makwao. Mama alifunga vitu ndani ya saa chache. Sahani ya kijani ndiyo ilifungwa kwanza, katikati ya nguo. Baba alitangulia Masisi kuona kama nyumba imesimama. Yeye alibaki kwa dada yake, mtaani, chumba kimoja, watu tisa. Banki zilifungwa, pesa ikawa ngumu, lakini viazi vinafika sokoni, na kwa hilo anashukuru kuliko kitu kingine. Dada alihitaji muda. Watoto wengine nyumbani waliuliza kwa nini huyu anakula peke yake, mbele ya wengine, chakula chake. Shangazi mmoja alisema hadharani kwamba ni ubaguzi. Mama sasa hafungi mlango tena. Anawajibu hivi: "Wewe ukipewa udongo utakula? Kwake maharagi ni udongo."

Leo mtoto anakula viazi, bugali, wali, biskuti za karatasi ya zamani na ya mpya, maziwa ya unga yaliyopoa, na ndizi mbivu kama ataimenya mwenyewe. Ndizi ilichukua miezi. Uji wa masoso bado anaukataa. Maneno yake yameongezeka kidogo, na la wazi kuliko yote ni "kijani".

Wiki hii kipande cha avoka kiliwekwa kwenye ukingo wa sahani. Kilikaa pale mpaka mwisho wa chakula bila kutupwa chini. Mtoto hakukigusa. Mama alikichukua, akakila yeye, akasema kesho atakiweka tena.